Kelele za Chura na Ng'ombe wa Mlimani

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Naguru, Kampala, huifunza mara nyingi methali isemayo: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wanafunzi huielewa upesi, kwani mvua zinyeshapo vyura hulia usiku kucha katika mabonde yaliyo chini ya kilima chetu. Lakini methali hiyo yamtazama ng'ombe peke yake. Je, akiisha kunywa na kwenda zake, chura hubaki na nini?

Historia ya milima yatoa jibu. Katika milima ya Bale, nchini Ethiopia, wapo vyura wasiopatikana penginepo duniani. Mmoja wao, aliyeelezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1978, hatagi majini. Majike huyaweka mayai yao pamoja katika ardhi yenye unyevu, penye nyasi za kuyasitiri. Mifugo ilipozidi huko juu, nyasi zililiwa hadi mashinani, kingo za vijito na vidimbwi zikakanyagwa, na ardhi ikashindiliwa. Mwaka 2013 watafiti walieleza kuwa vyura hao, waliokuwa wengi hapo zamani, walikuwa wamepungua mno, wakataja uharibifu wa makazi yao.

Je, dawa ni kumfukuza mchungaji? Hapa Uganda tunao mlima Elgon, wenye vyura wake wa nyanda za baridi. Wabenet walichunga ng'ombe zao huko tangu enzi za mababu. Mwaka 1983 serikali iliwatengea ardhi pembezoni mwa msitu. Mwaka 1993 mlima ukafanywa hifadhi ya taifa, na malisho ya zamani yakawa haramu kwao. Mwaka 2005 Mahakama Kuu, mjini Mbale, iliwatambua kuwa wenyeji wa asili wa mahali hapo.

Kwa maoni yetu, basi, kosa si la ng'ombe wala la mchungaji, bali ni la wingi wa mifugo mahali padogo. Mifugo ikipewa mahali pake pa kunywea, na kingo za vidimbwi zikiachiwa nyasi zake, chura na ng'ombe waweza kuishi pamoja.

Walimu wenzetu, mtakapoifundisha tena methali hii, waulizeni wanafunzi swali moja zaidi: siku ng'ombe atakapokunywa pasipo kelele yoyote, tutakuwa tumepata faida gani?