Kipimo cha mwonekano (lahajedwali)

Kipimo cha mwonekano katika programu ya lahajedwali ni asilimia inayoamua seli zionekane kwa ukubwa gani kwenye skrini, bila kugusa data, fomula wala ukubwa wa maandishi yatakapochapishwa. Katika Microsoft Excel huanzia asilimia 10 hadi 400, na 100 ndiyo ya kawaida. Kikishushwa, safu nyingi zaidi huingia kwenye skrini, ila herufi huwa ndogo. Chini ya 50 tarakimu husomeka kwa taabu. Hubadilishwa kwa kitelezi cha pembe ya chini kulia, au kwa kushikilia Ctrl huku gurudumu la kipanya likizungushwa. Kuficha utepe wa amri (Ctrl na F1) nako huongeza nafasi, na ni njia nafuu zaidi kwa macho, kwa kuwa herufi hubaki zilivyo.

Haja ya kuona seli nyingi kwa pamoja ilikua pamoja na laha zenyewe: VisiCalc ya 1979 ilikuwa na safumlalo 254 na safuwima 63, ilhali Excel tangu toleo la 2007 ina 1,048,576 kwa 16,384.