Mizani ya Lavoisier na hewa iliyosahauliwa

Katikati ya karne ya 18, wanakemia wa Ulaya walikuwa na fumbo lililowasumbua. Walifundishwa kwamba kitu kinapoungua hutoa dutu iitwayo flojistoni, nadharia iliyoenezwa na Mjerumani Georg Ernst Stahl. Lakini bati na risasi zikichomwa hadi ziwe unga, uzito wake huongezeka. Kama kuna kilichotoka, kwa nini mizani ishuke zaidi?

Jibu lilitoka Paris, kwa Antoine Lavoisier, aliyezaliwa 1743. Alikuwa mwanasayansi na pia mmoja wa wakusanyaji kodi wa mfalme, mtu aliyezoea kudai kila hesabu ilingane. Mwaka 1772 aligundua kwamba salfa na fosforasi nazo huongezeka uzito zinapoungua. Mwaka 1774 akarudia jaribio ambalo Robert Boyle alilifanya karne moja kabla yake: kuchoma bati ndani ya chombo cha kioo kilichozibwa.

Boyle alikifungua chombo kwanza, ndipo akapima. Alipoona uzito umezidi, alidhani chembe za moto zimepenya kioo. Lavoisier alipima kabla ya kufungua, na uzito ulikuwa uleule. Alipofungua, hewa ya nje iliingia kwa mvumo, na hapo ndipo uzito ukaongezeka. Bati lilikuwa limejichukulia sehemu ya hewa iliyokuwa ndani ya chombo. Mrusi Mikhail Lomonosov naye alikuwa amepima vyombo vilivyozibwa mwaka 1756, lakini kazi yake haikusikika sana Ulaya Magharibi.

Oktoba 1774, Mwingereza Joseph Priestley alifika Paris na kusimulia kuhusu hewa aliyoipata kwa kupasha moto unga mwekundu wa zebaki. Lavoisier alichemsha zebaki kwa siku 12. Hewa ndani ya chombo ikapungua kwa takriban moja ya sita, na unga mwekundu ukatokea. Alipoupasha unga huo kwa moto mkali zaidi, ulirudisha hewa iliyokuwa imetoweka. Hewa hiyo ndiyo aliyoiita oksijeni.

Mkewe, Marie-Anne, alimtafsiria maandiko ya Kiingereza na kuchora vifaa vya maabara kwa ajili ya kitabu chake cha 1789. Humo Lavoisier aliieleza kanuni waziwazi: katika kila mmenyuko, kiasi cha maada mwanzoni hulingana na kiasi cha mwishoni. Miaka mitano baadaye, tarehe 8 Mei 1794, Mapinduzi ya Ufaransa yalimkata kichwa pamoja na wakusanyaji kodi wenzake.

Sababu ya kanuni hiyo ilielezwa na John Dalton, Mwingereza, katika kitabu chake cha 1808. Atomu haziumbwi wala haziangamizwi katika mmenyuko. Huachana na kuungana upya. Gramu 12 za kaboni huchukua gramu 32 za oksijeni na kufanya gramu 44 za hewa ukaa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotumika leo kupima uchafuzi wa anga. Kila kilo ya kaboni ikiungua kabisa hutoa karibu kilo 3.7 za hewa ukaa, nzito kuliko kaboni yenyewe. Anayechoma taka au mafuta hajaondoa kitu duniani. Amekihamishia angani, na huko nako kina hesabu yake.