Deheni, Shaba na Faiba

Mtu wa Kapsoit anajua nini kuhusu boti? Nimeulizwa hivyo nyumbani mara nyingi, tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili na kuanza kushuka Kisumu kutafuta vibarua. Kutoka kwetu hadi ziwani ni matatu moja tu, na maji yetu hushuka huko bila nauli: Yurith na Kipsonoi hukutana zikawa mto Sondu, na Sondu hupeleka ziwani udongo wa Kericho na Bomet kila masika. Pale Dunga nilipewa msasa, barakoa na boti ya faiba iliyopinduliwa. "Kwaruza," fundi akasema. Nikakwaruza siku tatu, nikijiuliza watu wa zamani walikuwa wanafanyaje.

Walifanya kazi ngumu kuliko yangu. Katika karne ya kwanza, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika Periplus alitaja boti za kushonwa katika pwani yetu, na bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na kushona huko. Mtepe, ambao uliundwa kwenye visiwa vya Lamu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, ulikuwa wa ukoo huo: mbao zimeshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, hakuna msumari. Watu wanapenda kusifu uzuri wa mtepe. Matengenezo yake hayasifiwi na mtu, ingawa kamba huoza na mtu lazima akae ashone upya.

Mashua na majahazi ya misumari yalikuwa na adui mwingine. Kuna mdudu wa baharini anayetoboa mbao. Tunamwita mdudu kwa sababu ya umbo, lakini kwa kweli ni jamaa ya chaza. Anaingia akiwa mdogo kama ncha ya sindano, anakulia ndani, na ubao unabaki safi kwa nje huku ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana maji yakiwa bamvua chombo kilipandishwa ufukweni, maji yakitoka kikaegemezwa, kikachomwa kwa chini na moto wa makuti, taratibu, joto la kuua mdudu bila kuunguza ubao. Kisha kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inagongwa katikati ya mbao kwa patasi na nyundo. Kisha deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kupakwa sehemu inayokaa majini. Sehemu za juu zilipakwa sifa, mafuta ya ini la papa, na harufu yake ilimfikia mtu kabla chombo chenyewe hakijafika. Deheni, kalafati, sifa. Lugha haitengi maneno hivyo kwa jambo la mchezo.

Wazungu nao walipambana na mdudu huyohuyo. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilivisha meli yake HMS Alarm mabati ya shaba. Miaka mia mbili baadaye zikaja rangi zenye sumu ya TBT, zilizozuia kila kiumbe kuganda kwenye meli. Zilifanya kazi vizuri mno: chaza wa ghuba ya Arcachon, Ufaransa, wakaharibika magamba na kushindwa kuzaana, hadi Ufaransa ikazipiga marufuku kwa boti ndogo mwaka 1982. Mkataba wa dunia nzima ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika 2008. Mimi sijasikia chaza walioangamizwa na shahamu ya ng'ombe.

Faiba ilikuja na ahadi kubwa. Mwaka 1942 huko Ohio, Marekani, Ray Greene aliunda boti ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Haiozi, haitobolewi na mdudu, haihitaji kalafati. Kwetu mvuto wake ni rahisi kuelewa. Mwaka 2018 serikali ilisitisha ukataji miti katika misitu ya umma, na sisi tunaoishi chini ya Mau tuliona bei ya mbao ilivyopanda.

Lakini faiba nayo inaliwa, na wanaoila ni jua na maji yenyewe. Ngozi yake ya nje haifiki unene wa milimita moja. Jua huigeuza unga mweupe, ukipitisha kidole unabaki nao. Maji hupenya polepole, yanakutana na kemikali ambazo hazikuganda vizuri, na kimiminika kinachotokea huvuta maji zaidi. Yanatokea malengelenge. Ukitoboa moja, linatoa harufu kama ya siki. Dawa yake ni kukwaruza, kuosha, kuacha boti ikauke kabisa, ndipo upake epoksi. Kuibandika juu ya unyevu ni kazi bure, itabanduka.

Sasa, kukauka ni wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali boti hupumzika. Siku hizo chache ndizo nafasi ya fundi, kama vile fundi wa pwani alivyongoja bamvua, ambayo pia huletwa na mwezi. Mbao zilitoshea katika kalenda hiyo. Malengelenge ya faiba hayatoshei. Nilimsikia mzee mmoja akimuuliza fundi, "Itakauka lini?" Alipoambiwa wiki sita akasema, "Kijana wangu, watoto watakula nini wiki sita?" Boti ikapakwa ikiwa mbichi. Wanaosema wavuvi hawajui kutunza mali wangesikiliza mazungumzo hayo kwanza.

Lamu wamejaribu njia ya kwao. Mwaka 2018 Ali Skanda na mafundi wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la plastiki chakavu iliyoyeyushwa na kuchongwa kama mbao, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Huko Dunga boti za faiba zilizokufa haziyeyushwi wala hazichomwi kuni. Moja imejazwa udongo, imepandwa sukuma wiki. Nyingine imekatwa katikati, kuku wanalala ndani, na nyuzi zake za kioo zinaonekana pembeni kama nywele.