Kitale Hadi Tokyo: Choo cha Umma Kinakusitiri Kiasi Gani?

Umeshuka matatu Kitale ukitoka Bungoma, umebanwa. Unalipa ashuu mlangoni, unapewa tishu, unaingia. Komeo? Hakuna. Unachuchumaa mkono mmoja umeshika mlango. Kabla uanze kulia, cheki vile kwingine huwa:

Marekani: Mlango uko, lakini chini ni wazi na pembeni kuna nyufa. Viatu vyako vinaonekana. Faida? Kudeki ni rahisi, na mtu akizimia ataonekana.

Uchina: Vyoo vingi vya umma vya zamani havikuwa na milango. Mnachuchumaa mkionana tu.

Japani: Tangu 1988, TOTO inauza Otohime, kifaa cha kutoa sauti ya maji ndio yako isisikike. Mwaka 2020, Tokyo ilipata vyoo vya vioo vya Shigeru Ban: ukifunga mlango, kioo kinapata ukungu, hakuna anayekuona.

Kenya: Milango yetu hufunika vizuri, shida ni komeo. Na Katiba ya 2010 inakupa haki ya faragha (kifungu cha 31) na usafi unaofaa (cha 43). Kwa msichana anayebadilisha pedi steji, komeo si urembo. Likague kwanza, alafu utoe ashuu.