Simu ya Video Mpakani: Historia ya Uwezo na Mipaka Yake Busasamana, Rubavu

Sekta ya Busasamana, wilayani Rubavu, iko kaskazini mwa mji wa Gisenyi na inapakana na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Juni 2014 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi katika eneo hilo, na Januari 2025, vita vilipofika Goma, makombora yaliangukia wilaya ya Rubavu. Mahali ambapo ndugu wanaishi pande zote mbili za mpaka unaoweza kufungwa usiku mmoja, kuonana kwa simu si anasa. Makala haya yanadai kuwa mipaka ya simu ya video katika mazingira hayo imetokana zaidi na bei, sera na namna mitandao ilivyojengwa kuliko udhaifu wa kifaa chenyewe.

Wazo ni la zamani. Mwaka 1964 kampuni ya AT&T ilionyesha Picturephone katika maonyesho ya New York, lakini gharama yake iliwashinda wateja. Mtandao wa 3G wa NTT DoCoMo, Japani, ulipoanza Oktoba 2001, simu ya mkononi ilipata picha, ingawa kwa kilobiti 64 tu kwa sekunde: uso ulionekana, mwendo wa midomo haukufuatana na maneno. FaceTime ya Apple ya mwaka 2010 ilihitaji kwanza Wi-Fi. Kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki, tarehe yenye uzito ni Novemba 2016, WhatsApp ilipoongeza simu ya video katika programu ambayo tayari walikuwa nayo.

Nchini Rwanda, MTN ilianza mwaka 1998, na 4G ikaja mwaka 2014 kwa utaratibu wa pekee: kampuni moja, KT Rwanda Networks, ilijenga mtandao na kuwauzia watoa huduma wengine kwa jumla. Hadi mwaka 2023 MTN haikuwa na 4G yake yenyewe. Utaratibu huo ulieneza minara upesi, lakini mnara ulioko kilimani haumpi mkulima wa viazi simu janja wala kifurushi. Simu ya video inayotumia kilobiti 300 kwa sekunde kila upande hula takriban megabaiti 4.5 kwa dakika; nusu saa ya mazungumzo hufikia megabaiti 135. Pia inahitaji kasi ya kutuma iliyo sawa na ya kupokea, jambo ambalo takwimu za ueneaji wa mtandao hazilisemi.

Mpaka nao una tabia mbili. Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilikubaliana kushusha gharama za simu baina yao, lakini makubaliano yalilenga sauti, na Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, haikuwamo. Simu ya intaneti iliupita ukuta huo wa bei: kumpigia aliye Kigali na aliye Goma hula data ileile. Rwanda ilipofunga mipaka yake Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, faida hiyo ilidhihirika. Hata hivyo, simu iliyoko ukingoni mwa nchi huweza kushika mnara wa jirani na kutozwa kama iliyo ugenini. Isitoshe, serikali ya Kinshasa ilizima intaneti kuanzia Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, kwa takriban wiki tatu. Simu za kawaida zilibaki, picha zilitoweka.

Upande wa lugha ndio wenye mambo mengi zaidi, na watunga sera wameupuuza. Kiswahili, kilichopewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, ni lugha ya soko la Gisenyi na Goma, na msikivu anaweza kukifuata vizuri kwa sauti pekee. Kiziwi hawezi. Kwake, picha ndiyo maneno yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano wa mwaka 1999 unataka walau picha 20 kwa sekunde ili lugha ya alama ieleweke vizuri. Lakini mtandao unapodhoofika, programu nyingi hupunguza au kusitisha picha ili kuokoa sauti. Uamuzi huo wa kihandisi, wenye busara kwa wengi, humkatia kiziwi mazungumzo yote huku skrini ikionyesha kuwa simu bado iko hewani. Katika hesabu za mdhibiti, hiyo ni simu iliyofanikiwa.

Kwa hiyo, ubora wa huduma katika sekta za mpakani unafaa kupimwa kwa kasi ya kutuma saa za jioni, watu wengi wanapokuwa mtandaoni, na kwa idadi ya picha kwa sekunde zinazomfikia mpokeaji upande wa pili.