Mgomo Ulioshindwa Kabla ya Kuanza

Mafundi na wasafishaji wa ndege wa Northwest Airlines ya Marekani, wapatao 4,400, walipogoma tarehe 20 Agosti 2005, walitegemea jambo moja: ndege iliyofanyiwa matengenezo hairuki bila sahihi ya fundi mwenye leseni. Ni kweli, ila kampuni, iliyotaka kubana matumizi kwa dola milioni 176 kwa mwaka na kufuta karibu nusu ya ajira zao, ilikuwa imeshaandaa mafundi wengine mapema. Safari ziliendelea. Wapo wanaolaumu bei ya mafuta kwa kushindwa huko, kwa kuwa tarehe 14 Septemba kampuni, ikilemewa na gharama hiyo, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake; lakini kufikia hapo mgomo ulikuwa umeshakwama. Kilichowaponza wagomaji, naona, ni upweke. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikihama chama kikubwa cha IAM wakaingia AMFA, chama cha mafundi wa ndege, wakiamini ujuzi wao ungelipwa zaidi ukitengwa na kazi ya wapakia mizigo. Na mwaka 2001 kweli walipata nyongeza nono! Miaka minne baadaye, wapakia mizigo wa IAM waliyapita mabango ya wagomaji wakaingia kazini, na marubani vilevile.