Msitu wa Amani na Ndege Wake

Magharibi ya mji wa Tanga imesimama safu ya milima ya Usambara ya Mashariki. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifyeka misitu yake wakapanda kahawa, wakidhani kuwa ardhi iliyolea miti mikubwa haikosi rutuba. Walidanganyika. Rutuba ilitoka katika majani yaliyoanguka na kuoza. Miti ilipoondoka, kahawa ilidhoofika. Mwaka wa 1902 walianzisha kituo cha uchunguzi wa kilimo hapo Amani. Mwingereza Reginald Moreau, aliyefika kituoni mwaka wa 1928, alichunguza ndege. Mwaka wa 1935 chozi wa Amani, ndege mdogo wa matawi ya juu, aliingia katika vitabu vya elimu.

Baadaye wenyeji walipanda iliki chini ya miti mirefu. Mkulima alipata fedha na chozi alibakiwa na makao. Lakini vichaka vilifyekwa, na miche ya kurithi miti mikongwe ikatoweka pamoja navyo. Mwaka wa 1997 serikali ilitenga Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Hata hivyo ndege hajui mpaka, na mkulima hana budi kula. Shamba lisilo na mche hula kivuli cha wajukuu.